Gazeti Lenye Kurasa Mbili za Mbele

Chukua nakala ya Rafu Shimpo ya mwisho wa miaka ya 1930. Hili lilikuwa gazeti la Wajapani wa Los Angeles, lilianza 1903, na Rafu ni jina la zamani la mji huo kwa Kijapani. Lishike jinsi Mjapani anavyoshika kitabu, ulifungue kutoka kulia. Unakutana na ukurasa wa mbele wa Kijapani, maandishi yameshuka wima kama nyuzi za ushanga: habari za Tokyo, za jeshi, za mikutano ya chama cha watu wa mkoa fulani, za soko la mboga. Sasa ligeuze. Upande wa nyuma kuna ukurasa mwingine wa mbele, huu wa Kiingereza. Huku ni ligi za vijana, dansi za Jumamosi, harusi, na mhariri kijana anayewahimiza wenzake wawe raia wema wa Marekani. Gazeti moja, jina moja, bei moja. Baba anaanza huku, binti anaanza kule, na wanaweza kukaa meza moja mwaka mzima wasikutane katikati.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma magazeti ya aina hii. Hoover Institution, pale Stanford, wameyaweka mtandaoni kwenye mkusanyo unaoitwa Hoji Shinbun, magazeti ya Kijapani yaliyochapishwa nje ya Japani, na kuyasoma ni bure. Nani anasoma vitu kama hivi Nairobi saa nane za usiku? Mtu mwenye bando la usiku na asiye na mhadhara asubuhi. Chuo niliacha, kwa hivyo hakuna profesa aliyenituma. Kurasa za Kiingereza nazisoma mwenyewe. Za Kijapani nazifikia kupitia wanahistoria waliozichimba kwa miaka mingi, hasa Yuji Ichioka na Eiichiro Azuma.

Kwetu Mjapani wa vita hivyo ni yule wa Burma, yule ambaye babu za watu wengi walipelekwa na KAR mwaka 1944 kupigana naye msituni. Tayari ni adui, amekamilika, hana jina. Mimi nilitaka kuona miaka ya kabla ya hapo, na niione kutoka jikoni kwa mtu ambaye vita hivyo vingemkuta akiwa na watu wake pande zote mbili. Gazeti dogo linawaambiaje watu kama hao kwamba vita vinakuja?

Jibu langu fupi ni kwamba halikuwaambia. Lakini sababu zake si zile ambazo watu husema.

Kuna masimulizi mawili kuhusu magazeti haya, na yote mawili yanachosha. La kwanza ni la wapelelezi wa Marekani wa wakati ule: magazeti ya Kijapani ni midomo ya Tokyo, wahariri wake ni mawakala. La pili lilikuja baadaye, kwa nia njema: hawa walikuwa Wamarekani waaminifu tangu mwanzo, na magazeti yao yalikuwa ya ligi na dansi tu. Simulizi la kwanza limesoma upande mmoja wa gazeti, la pili limesoma upande wa pili. Hakuna aliyejisumbua kuligeuza.

Ichioka aliligeuza. Na ni muhimu kujua yeye ni nani. Alizaliwa San Francisco 1936, na akiwa mtoto alifungiwa na familia yake katika kambi ya Topaz, jangwani Utah. Mtu kama huyo angekuwa wa kwanza kulishika simulizi la pili. Badala yake, mwaka 1990 alichapisha makala kuhusu uzalendo wa Kijapani miongoni mwa wahamiaji kati ya 1937 na 1941, na hakuficha kitu: michango ya jeshi, mikutano, shangwe. Naipenda makala ile kwa sababu haiwapambi watu wake ili wastahili kuhurumiwa. Dhuluma ya kambi haipungui kwa sababu mzee fulani alishangilia kuanguka kwa Nanking. Lakini lazima useme alishangilia.

Kabla ya kushangaa, angalia sheria. Kizazi cha kwanza, Issei, kilianza kwenda Hawaii kwa wingi 1885 kukata miwa, kisha California. Mwaka 1913 California ilipitisha sheria kwamba mgeni asiyeweza kuwa raia hawezi kumiliki shamba. Mwaka 1922, kwenye kesi ya Takao Ozawa, mahakama kuu ya Marekani ikasema Mjapani si mweupe kwa hivyo hawezi kupewa uraia. Mwaka 1924 mlango wa wahamiaji wapya ukafungwa kabisa. Watoto waliozaliwa pale, Nisei, walikuwa raia kwa kuzaliwa. Kwa hivyo ndani ya nyumba moja baba alikuwa wa mfalme wa Japani na mtoto alikuwa wa Marekani, na hakuna aliyekaa chini akachagua. Ukimwambia mtu kwa miaka thelathini kwamba hawezi kuwa wako, usije ukauliza mbona anasoma habari za kwao kwa mapenzi.

Julai 1937 vita vya Japani na China vikaanza. Ila ukisoma upande wa Kijapani, neno vita hulioni sana. Serikali ya Tokyo ililipa jambo hili jina: *Shina jihen*. Jihen ni tukio. Tukio la China. Majeshi yanaingia Shanghai, mji mkuu Nanking unaanguka Desemba, mamia ya maelfu wanakimbia, na yote hayo ni tukio. Sisi tunaijua hii mbinu vizuri. Waingereza walipigana vita vizima hapa kuanzia 1952 wakaviita Hali ya Hatari. Jina la namna hiyo halidanganyi moja kwa moja. Linafanya kazi nyingine: linamzuia msomaji asiulize maswali ambayo neno vita lingemlazimisha kuuliza. Nani alianza? Wamekufa wangapi? Kitaisha lini? Tukio halina maiti.

Magazeti ya wahamiaji yalilichukua neno hilo kama lilivyo. Hapa ndipo mimi, mtu anayeishi kwa kuandika vitu vya kulipwa kwa neno, naona kitu ambacho wanahistoria hupitia haraka. Gazeti dogo lina njaa. Kila siku kuna nafasi za kujaza, na kwa Kijapani kuzijaza si mchezo, manake mpangaji herufi anachagua kwa mkono vipande vya risasi kutoka kwenye masanduku yenye maelfu ya alama tofauti. Kando yake kuna njia mbili za kupata habari za vita. Moja ni mashirika ya Marekani, kwa Kiingereza, yanayohitaji mtafsiri. Ya pili ni Domei, shirika la habari la Japani lililoundwa 1936, ambalo habari zake zinakuja zikiwa tayari kwa Kijapani, na zinawaeleza wasomaji wako kwamba watoto wa kwao wanashinda. Mhariri hahitaji kuwa wakala wa Tokyo ndiyo achague ya pili. Anahitaji tu kuchoka, kuwa na deni la karatasi, na kuwa na wasomaji wanaotaka kusikia hivyo hivyo. Hivyo ndivyo propaganda nyingi inavyosafiri. Haipiti kwa amri, inapita kwa urahisi.

Nanking ilipoanguka, kurasa hizo zilisimulia ushindi. Mauaji ya raia yaliyofuata, ambayo waandishi wa magazeti makubwa ya Marekani walianza kuyaripoti Desemba hiyo hiyo, hayakupewa uzito wa namna hiyo. Na China haikuwa mbali. Kule San Francisco, ambako Nichibei Shimbun lilikuwa likichapishwa tangu 1899, mtaa wa Wachina ulikuwa mwendo wa kutembea tu. Desemba 1938 Wachina wa mji huo, wazee, akina mama, watoto wa shule, walikwenda bandarini kuizuia meli iliyopakia chuma chakavu cha kupelekwa Japani. Wahamiaji wawili, mji mmoja, wote wamebaguliwa na sheria zile zile, kila mmoja ana gazeti lake kwa lugha yake, na kila gazeti lina vita tofauti.

Kitu kilichonikaa zaidi kichwani kwenye kurasa za Kijapani, hata hivyo, si habari za mbele. Ni orodha za majina.

Wahamiaji walichangia jeshi. Walituma pesa. Walituma *imonbukuro*, vifuko vya zawadi kwa askari. Akina mama walishona *senninbari*, mishipi ya kitambaa yenye vifundo elfu moja, kila kifundo kimefungwa na mwanamke tofauti, ili kumkinga askari na risasi. Na magazeti yalitaja majina ya waliotoa. Mkenya yeyote aliyewahi kukaa kwenye harambee anajua orodha kama hiyo inafanya kazi gani. Jina lako likisomwa na kiasi chako, umekuwa mtu. Lisiposomwa, jirani analijua hilo pia. Mwenye duka la samaki anatoa kwa sababu ana mpwa Manchuria. Mwenye duka la nguo anatoa kwa sababu mwenye duka la samaki ametoa. Ukitazama karatasi peke yake huwezi kutofautisha mapenzi na aibu. Yote mawili yameandikwa kwa herufi sawa.

Msomaji mwingine wa orodha hizo hakuwa jirani. Idara ya upelelezi ya jeshi la majini na FBI walikuwa wakiifuatilia jamii hii kwa miaka, pamoja na magazeti yake, na walikuwa wameweka watu kwenye makundi matatu, A, B na C, kulingana na jinsi walivyodhaniwa kuwa hatari. Wahariri, walimu wa shule za Kijapani, makasisi wa Kibudha, viongozi wa vyama, waliokusanya michango. Ndani ya siku chache baada ya Pearl Harbor, Wajapani zaidi ya elfu moja walikuwa wamekamatwa. Kumbe ule ukurasa wa heshima ulikuwa umegeuka kuwa ushahidi. Hapa ndipo nina kesi na magazeti haya. Sina kesi nayo kwa kuipenda Japani. Nina kesi nayo kwa sababu yaliwahimiza watu wao kujiandika, mwaka baada ya mwaka, na wakati nchi mbili zinaanza kukunjana hayakusimama kusema: ndugu zangu, hebu tuangalie nani mwingine anatusoma.

Kulikuwa na waliosema kitu tofauti. Pale pale Los Angeles, kuanzia 1937, Shuji Fujii alichapisha gazeti dogo la mrengo wa kushoto lililoupinga uvamizi wa China waziwazi. Liliitwa Doho. Neno hilo huwa linatafsiriwa ndugu, au watu wa taifa moja, lakini ukizivunja alama zake mbili ni *wa tumbo moja*. Nadhani ni jina kali kuliko yote kwenye mkusanyo huu. Mtu anaukana ushindi wa kwao, anawaudhi karibu wote wanaosoma lugha yake, na gazeti lenyewe analiita ndugu wa tumbo moja. Doho halikuwa na wasomaji wengi. Lakini uwepo wake unaharibu ule utetezi wa kawaida, ati wakati ule hakuna aliyeweza kuona. Wapo walioona, na waliandika kwa Kijapani.

Sasa tugeuze gazeti.

Upande wa Kiingereza wa Rafu Shimpo ulianza 1926, na mhariri wake wa kwanza alikuwa mwanamke kijana, Louise Suski. Nichibei lilikuwa limeanza kurasa zake mwaka mmoja kabla. Zilikusudiwa watoto ambao Kijapani chao kilikuwa cha jikoni. Mwanzoni zina furaha ya kweli: mashairi mabaya, hadithi fupi, ugomvi kuhusu nani anaruhusiwa kucheza dansi na nani. Miaka ya mwanzo ya vita vya China hata hizi ziliieleza Japani kwa upole, kama mtoto anayemwelezea mzazi wake kwa wageni. Halafu, kadiri 1940 inavyoingia, sauti inabadilika. Juni mwaka huo sheria mpya inawataka wageni wote wajiandikishe na kuacha alama za vidole. Oktoba vijana wa Nisei wanaanza kuitwa jeshini sawa na Wamarekani wengine. Na kurasa za Kiingereza zinaanza kuapa.

Unaijua ile sauti mtu hutumia kwenye simu akijua kuna mwingine pale chumbani anasikiliza? Anataja majina kamili. Anacheka kidogo kupita kiasi. Kurasa za Kiingereza za 1941 zina sauti hiyo. Sisi ni waaminifu, sisi ni Wamarekani, bendera yetu ni moja. Huwa najiuliza inamwambia nani. Kijana wa Nisei anajua kwamba yeye ni Mmarekani, hahitaji kuambiwa kila Jumatatu. Anayeambiwa ni yule wa chumbani. Kwa hivyo upande mmoja wa gazeti ulimwandikia Issei alichotaka kusikia, na upande wa pili ulimwandikia ofisa wa serikali alichotaka kusikia, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyelinunua hakuandikiwa na mtu.

Nikisema hivyo simlaumu Togo Tanaka, aliyekuwa mhariri wa Kiingereza wa Rafu miaka hiyo. Alikuwa na umri karibu na wangu. Mwaka 1941, kabla ya vita, alisafiri hadi Washington kuwauliza maafisa kama gazeti lingeruhusiwa kuendelea iwapo nchi hizo mbili zitapigana. Hebu fikiria safari hiyo. Nchi inakodolea macho jamii yako, nawe unapanda treni kwenda kubisha mlango wake mwenyewe na kuuliza: tukifika pale, mtatufanyia nini? Ni kitendo cha mtu anayejua vita vinakuja. Lakini ujuzi huo uliishi kwenye safari zake, kwenye mazungumzo ya ofisini. Kwenye karatasi ulikuja ukiwa umevaa tai.

Basi vita vilikuwa wapi kwenye gazeti? Vilikuwa kwenye kurasa ambazo hakuna aliyezihariri. Julai 1939 Marekani ilitangaza kwamba inauvunja mkataba wa biashara na Japani. Ukafa Januari 1940. Julai 1941 mali za Wajapani zikazuiwa, na watu walioweka akiba ya maisha kwenye tawi la Yokohama Specie Bank wakaanza kusoma matangazo ya benki kwa makini kuliko maoni ya mhariri. Mwisho wa mwezi huo huo meli ya abiria Tatuta Maru ilifika karibu na San Francisco ikabaki baharini, ikiogopa kuzuiwa ikitia nanga, abiria wakiwa ndani, wakati serikali mbili zinabishana. Baada ya hapo safari za kawaida za meli za Kijapani kwenda Marekani zikasimama. Mtu aliyekuwa akisoma ratiba za meli, matangazo ya benki na bei ya mchuzi wa soya alijua zaidi ya mtu aliyesoma tahariri zote za pande zote mbili. Mama wa nyumbani aliyenunua magunia mawili ya ziada ya mchele wa kwao Agosti 1941 alikuwa mchambuzi wa siasa bora kuliko wahariri wote niliowataja.

Halafu Desemba 7. Mchapishaji wa Rafu, Toyosaku Komai, akakamatwa na FBI. Tanaka, yule aliyekwenda Washington kubisha hodi, akakamatwa siku iliyofuata na kuwekwa ndani siku kumi na moja bila shtaka. Kule Honolulu, Yasutaro Soga, mzee aliyeliongoza Nippu Jiji tangu 1905, alichukuliwa nyumbani kwake usiku ule ule wa shambulio. Alirudi mwishoni mwa 1945. Kumbukumbu zake zilitoka kama kitabu 1948, na Kiingereza chake kilichapishwa 2008 kwa jina *Life Behind Barbed Wire*. Ukipata nafasi kisome, angalau kuona mhariri anayeandika vizuri zaidi baada ya kunyang'anywa gazeti. Hana tena wa kumpendeza. Anahesabu chakula, anataja waliokufa, anawatazama wafungwa wenzake wakibishana kuhusu nani anashinda vita.

Hawaii inachekesha kidogo, kama unaweza kucheka. Jeshi lilichukua utawala, likayafunga magazeti ya Kijapani, kisha Januari 1942 likayaruhusu kurudi chini ya udhibiti wake, manake amri za kijeshi zilikuwa zinatoka kila siku na maelfu ya wazee hawakuweza kuzisoma kwa lugha nyingine. Serikali iliyoyaita hatari haikuweza kutawala bila hayo. Ila majina yao yalinuka Ujapani mno, kwa hivyo kabla ya mwaka huo kuisha Hawaii Hochi likawa Hawaii Herald, na Nippu Jiji likawa Hawaii Times. Karatasi ile ile, mashine ile ile, jina la kuazima.

Bara hali ilikuwa nyingine. Februari 19, 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066, na watu wapatao 120,000, theluthi mbili wakiwa raia wa Marekani, wakaondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Rafu liliendelea hadi Aprili, likiwachapishia wasomaji wake maagizo ya kuhamishwa kwao wenyewe. Nadhani ndiyo mara ya kwanza pande mbili za gazeti zilibeba habari moja. Kabla ya kuondoka, Akira Komai, mtoto wa mchapishaji, alizificha herufi za Kijapani chini ya mbao za sakafu ya ofisi. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini yale na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, na sidhani wapelelezi wa mwaka huo wangeona tofauti kubwa. Herufi zilikaa pale chini vita vizima. Januari 1, 1946 Rafu Shimpo likatoka tena.

Kambini kulikuwa na gazeti pia, Manzanar Free Press, gazeti huru, likihaririwa nyuma ya waya na kukaguliwa na wasimamizi wa kambi. Siongezi neno. Afadhali nimtaje Kuniko Terasawa wa Salt Lake City. Alirithi Utah Nippo mume wake alipofariki 1939. Baada ya Pearl Harbor lilifungwa, mapema 1942 likaruhusiwa, na kwa sababu Utah haikuwa pwani, likawa moja ya magazeti matatu tu ya Kijapani yaliyobaki bara zima la Marekani wakati wa vita, mengine mawili yakiwa Denver. Aliendelea kupanga herufi kwa mkono hadi alipokufa 1991. Watu wa kambini walimsoma. Alikuwa chini ya udhibiti, alichapisha alichoruhusiwa, na bado ilikuwa tofauti kati ya kujua kitu na kutojua chochote.

Nimesema nina kesi na magazeti haya, na kuna mtu atasema basi yangefungwa mapema tu, 1937, kabla hayajaharibu watu. Mtu huyo apelekwe Brazili.

Wajapani walianza kufika Brazili 1908 kwa meli Kasato Maru, kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, na kufikia vita walikuwa karibu laki mbili, wengi wao jimboni São Paulo. Walikuwa na magazeti yao, Nippak Shinbun tangu 1916, Brasil Jiho tangu mwaka uliofuata, yenye tabia zile zile za kule California. Serikali ya Getúlio Vargas ilitaka kila mtu awe Mbrazili kwa lugha. Shule zikafungwa, kisha magazeti yakabanwa, na kabla 1941 haijaisha hakuna hata moja la Kijapani lililokuwa likitoka. Wengi wa wakulima wale hawakujua Kireno cha kusoma. Kilichobaki ni redio za kificho za masafa mafupi zilizokamata Tokyo, na uvumi. Miaka minne. Si propaganda iliyopitia kwa mhariri mchovu mwenye jirani wa kumuuliza swali. Ni propaganda tupu, usiku, kwa sauti ya chini.

Agosti 1945 Japani ikasalimu amri. Wengi kule São Paulo walikataa katakata. Walisema Japani imeshinda, na habari za kushindwa ni uongo wa adui. Wakagawanyika: *kachigumi*, kundi la ushindi, ambao ndio walikuwa wengi, na *makegumi*, kundi la kushindwa. Chama kimoja cha kachigumi, Shindo Renmei, kikaanza kuwaua waliosema ukweli. Machi 1946, mjini Bastos, walimpiga risasi Ikuta Mizobe, mkurugenzi wa chama cha ushirika. Kosa lake lilikuwa kuwaambia watu kwamba vita vimekwisha na nani ameshindwa. Hadi mauaji yanakoma mwanzoni mwa 1947 waliouawa walikuwa watu 23, na waliojeruhiwa 147. Wajapani waliouawa na Wajapani, maelfu ya kilomita kutoka vitani, vita vikiwa vimeisha.

São Paulo Shimbun lilianza kutoka Oktoba 1946, baada ya marufuku kuondolewa. Januari 1947 likafuata Paulista Shimbun, gazeti la makegumi, lililoanzishwa kuwaeleza wasomaji wa Kijapani kwamba Japani imeshindwa. Habari hiyo ilikuwa na umri wa miezi kumi na saba.